Kadi ya sauti ya USB imegoma kurekodi kwenye Linux: anzia kwenye waya

Taa ya kadi inawaka, maiki iko mahali pake, programu ya kurekodi imefunguka bila kulalamika. Unabonyeza kitufe chekundu, unaimba, na mstari wa sauti unatembea umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo.

Hapo wengi wetu hukimbilia menyu za programu. Mimi nilikesha usiku mzima hivyo: nikaifuta programu, nikaisakinisha upya, nikabadilisha seva ya sauti, nikahariri mafaili ambayo leo sikumbuki hata yalikuwa ya nini. Kumbe waya niliochomeka ulikuwa wa kuchajia tu. Ulikuwa na nyaya za umeme, za data hazikuwemo. Taa iliwaka kwa kuwa umeme ulifika, lakini kompyuta haikuwahi kupata habari kwamba kuna kadi.

Tangu siku ile napanda kwa ngazi. Sauti ikitoka kwenye kadi hupita kwenye waya, ikaingia kwenye keneli (kiini cha Linux), ikapokelewa na ALSA (sehemu ya keneli inayoongea na kadi za sauti), ikapewa seva ya sauti (PipeWire au JACK, inayogawa sauti kwa programu), ndipo ikafika kwenye programu. Kila ngazi inategemea iliyo chini yake. Usipande ya juu kabla ya kuipima ya chini, hata kama una uhakika kwamba mbaya wako ni programu.

Kompyuta imeiona kadi?

Chomoa kadi. Fungua teminali, andika:

`sudo dmesg -w`

Sasa ichomeke huku unatazama. Mistari mipya itamiminika papo hapo, ikiwa na jina la kadi na la mtengenezaji. Usipoona hata mstari mmoja, achana na mengine yote: tatizo ni waya, tundu la USB, au kadi yenyewe. Anza na waya. Tafuta unaojua kwa hakika kwamba unapitisha data, kwa mfano ule uliowahi kuhamishia picha kutoka kwenye simu.

Ukiona `device descriptor read/64, error -71`, mazungumzo yalianza yakavunjika njiani. Mara nyingi ni waya mbovu au mrefu kupita kiasi, tundu lililolegea, au umeme usiotosha. `error -110` maana yake kompyuta iliuliza, ikasubiri, haikujibiwa. Katika hali zote mbili ondoa habu katikati, uichomeke kadi moja kwa moja kwenye kompyuta. Tundu la USB 2.0 linatoa miliampea 500, na kadi inayojilisha hapo hapo huku ikipeleka volti 48 kwa maiki haina umeme wa kugawana na kipanya, kibodi na flashi kwenye habu moja isiyo na adapta yake.

Kadi ikionekana, tazama imepewa draiva gani:

`lsusb -t`

Tafuta mistari yenye `Driver=snd-usb-audio`. Mwishoni mwake kuna kasi: `480M` ni kadi za kisasa nyingi, `12M` ni za zamani au za bei ya chini. Kadi ya 12M inafanya kazi vizuri tu, ila usiitegemee kubeba chaneli nyingi kwa 96000 Hz, yaani sampuli 96000 kila sekunde. Ukipiga hesabu, chaneli 4 za biti 24 kwa kiwango hicho ni baiti 1152 kila milisekunde, na mkondo mmoja wa sauti kwenye USB ya kasi hiyo unaruhusiwa baiti 1023. Hakuna mpangilio wa programu utakaoyafanya maji ya ndoo yaingie kwenye kikombe.

Ukikuta pameandikwa `Driver=[none]`, jaribu `sudo modprobe snd-usb-audio`. Ikijibu kwamba moduli haipo, jiulize kama ulisasisha mfumo leo bila kuwasha kompyuta upya: keneli inayoendesha ni ya zamani, moduli zilizomo kwenye diski ni za mpya. Washa upya, habari imekwisha.

Draiva ya kupakua kwenye tovuti ya mtengenezaji huihitaji. Kadi nyingi hufuata kanuni ya pamoja ya sauti kwa USB, toleo la kwanza la mwaka 1998 na la pili la 2006, na keneli ya Linux inazijua zote mbili. Kuna kituko kimoja cha kukumbuka: kadi za Focusrite ziitwazo Scarlett Solo, 2i2 na 4i4 za kizazi cha tatu, zikiwa mpya, hujitokeza pia kama diski ndogo. Shikilia kitufe cha 48V wakati unaichomeka, diski itatoweka.

ALSA inaiitaje?

`arecord -l`

Utapata kitu kama hiki:

`card 1: USB [Scarlett 2i2 USB], device 0: USB Audio [USB Audio]`

Namba `1` ni ya kupita. Leo ni 1, kesho ukiwasha kompyuta huku kamera ya wavuti imechomekwa inakuwa 2, na mipangilio yote uliyoiandika kwa namba inaelekea kwenye maiki ya kamera. Neno linalofuata, hapa `USB`, ndilo jina la kadi, nalo ni thabiti zaidi. Kwa hiyo andika `hw:USB` badala ya `hw:1`. Kadi yako ikiwa na jina lingine, litumie hilo katika amri zote zinazofuata.

Kisha iulize kadi inakubali nini:

`cat /proc/asound/USB/stream0`

Faili hili hupuuzwa sana, na hapa ndipo penye majibu. Chini ya `Capture` utaona muundo (`Format`), idadi ya chaneli (`Channels`) na viwango vya sampuli (`Rates`). Likikuambia kadi inarekodi kwa `S32_LE`, chaneli 2, 44100 na 48000, hayo ndiyo mambo inayoyajua. Ukiiomba chaneli moja moja kwa moja kupitia `hw:`, itakataa. Hapo ndipo zinapotoka zile kauli za `Channels count non available` na `Sample format non available` zinazowatia watu jasho.

Fungua pia `alsamixer -c USB`, bonyeza F4 kuona upande wa kurekodi. Pasipoandikwa `CAPTURE` pamezimwa, bonyeza Space pafunguke. Kadi nyingine itakuambia haina vidhibiti vyovyote. Usishtuke, maana yake ni kwamba vyote viko kwenye vitufe vya kuzungusha vya kadi yenyewe.

Rekodi bila programu

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Funga programu ya kurekodi, funga kivinjari, kisha:

`arecord -D hw:USB -f S32_LE -r 48000 -c 2 -V stereo -d 10 jaribio.wav`

Weka muundo, kiwango na chaneli kama ulivyovikuta kwenye `stream0`. Zungumza karibu na maiki kwa sekunde 10. Kipimo kilicho chini ya skrini kinapaswa kucheza. Kisha sikiliza kwa hedifoni zilizochomekwa kwenye kadi hiyo hiyo:

`aplay -D plughw:USB jaribio.wav`

Nimeandika `plughw` kwa makusudi: inaruhusu ALSA kubadilisha muundo pale kadi isipoupenda. Kwenye kurekodi nimetumia `hw` ili tuione kadi ilivyo, bila mtu wa kuisaidia.

Ukijisikia vizuri, waya, umeme, keneli na kadi vyote ni vizima, na kuanzia sasa huna sababu ya kuvigusa. Tatizo liko juu. Faili likiwa kimya kabisa, angalia kadi kwa macho: je, maiki ya kondensa imewashiwa 48V? Kitufe cha `INST` (cha gitaa na ala nyingine) kimebonyezwa wakati umechomeka maiki? Kitufe cha kuongeza nguvu ya maiki kiko sifuri? Maiki za dainamiki huhitaji kuzungushwa sana kuliko unavyodhani, na si ajabu kukipandisha mpaka robo tatu.

Ukijisikia upande mmoja tu wa hedifoni, hakuna kilichoharibika. Maiki iko kwenye tundu la 1, na kwa kompyuta tundu la 1 ni kushoto, la 2 ni kulia.

Kadi ina mtu

Huenda `arecord` ikakujibu `Device or resource busy`. Kadi kwa njia ya `hw` inashikwa na mmoja tu kwa wakati. Mtafute:

`fuser -v /dev/snd/*`

Jina la programu litaonekana mwishoni mwa mstari. Kama ni kivinjari au programu ya muziki, ifunge. Kama ni `pipewire` au msaidizi wake `wireplumber`, hao ndio wenyeji, na kwa kawaida huiachia kadi baada ya sekunde chache pasipo na mtu anayeitumia. Wasipoiachia, fungua `pavucontrol`, nenda ukurasa wa mwisho wa mipangilio ya vifaa, uiwekee kadi wasifu wa `Off`. Kipimo kikiisha, irudishe.

PipeWire

Linux nyingi za mezani sasa zinakuja na PipeWire. Fedora ilianza kuitumia kwa sauti tangu toleo la 34 mwaka 2021, Ubuntu tangu 22.10. Kwa sisi wa kurekodi imeleta nafuu kubwa, kwa sababu inaongea na programu za PulseAudio (seva ya sauti ya zamani) na za JACK kwa pamoja. Zamani ukitaka kusikiliza wimbo kwenye kivinjari huku Ardour (programu ya studio) imefunguliwa ulikuwa unatafuta kesi.

Ukaguzi wa kwanza:

`wpctl status`

Chini ya `Sources` tafuta kadi yako. Yenye nyota ndiyo chaguo-msingi. Nyota ikiwa kwenye maiki ya laptopu, chukua namba ya kadi yako na uiambie `wpctl set-default` ikifuatwa na namba hiyo. Nimewahi kumsikiliza rafiki akisifu maiki yake mpya kwa dakika nzima, kumbe tulichorekodi ni laptopu iliyokuwa upande wa pili wa meza. Njia rahisi ya kujua: gonga maiki taratibu kwa ukucha, halafu gonga kibodi. Kishindo kikubwa kikitoka kwenye kibodi, umepata jibu.

Kadi ikiwa na matundu manne na wewe unaona mawili tu, rudi `pavucontrol` uichagulie wasifu wa `Pro Audio`. Wasifu mwingine hujaribu kuifanya kadi ifanane na spika za sebuleni. Huu huifungua ilivyo, kila tundu na chaneli yake.

Kama sauti ilikuwepo jana na leo kila kitu kimeganda, jaribu kwanza:

`systemctl --user restart wireplumber pipewire pipewire-pulse`

Hakuna `sudo` hapo. Ukiiweka utakuwa unamwamsha mtu mwingine kabisa.

Kwa Ardour au programu nyingine ya JACK, ifungue hivi ili ipite kwenye PipeWire:

`PIPEWIRE_LATENCY=256/48000 pw-jack ardour`

(Jina la Ardour kwenye mfumo wako huenda lina namba ya toleo mwishoni.) Anayependa JACK yenyewe bado anaweza: `jackd -d alsa -d hw:USB -r 48000 -p 256 -n 3`. Hiyo 3 ya mwisho si pambo, kadi za USB hutulia zaidi na vipindi vitatu kuliko viwili. Ila usiwaache JACK na PipeWire wagombee kadi moja.

Ndani ya programu sasa

Audacity husoma orodha ya kadi inapofunguka. Ukichomeka kadi baadaye haitaiona mpaka uifunge na kuifungua tena, au uiambie ikague vifaa upya kwenye menyu ya `Transport`. Chagua `ALSA` kama mwenyeji, kisha kadi kwa jina lake au `pipewire`. Maiki ikiwa moja, rekodi chaneli moja, na lile tatizo la sikio la kushoto litakwisha.

Ardour huuliza mambo haya mwanzoni kabisa. Kosa linalorudiwa sana ni kuchagua kadi ya USB upande wa kuingiza na kuacha kadi ya ndani upande wa kutoa. Kadi mbili ni saa mbili, na saa mbili hazitembei sawa hata kidogo: baada ya dakika kadhaa zinaachana, sauti inaanza kukatika. Tumia kadi moja pande zote mbili, na hedifoni ziwe kwenye kadi hiyo hiyo. Kisha hakikisha njia ya kurekodia imeunganishwa na tundu lenye maiki, na ile alama nyekundu ya kuiandaa imewashwa.

Ukifungua kazi ya zamani na kila mtu anaimba kama ana haraka ya kwenda msalani, umefungua mradi wa 44100 kwenye mfumo wa 48000. Wimbo wa dakika 4 utaisha kwa dakika 3 na sekunde 40, na sauti itapanda karibu nusutoni moja na nusu. Ardour huonya juu ya hili, na wengi tunabonyeza endelea bila kusoma. Usihariri chochote. Funga, weka seva kwenye kiwango cha mradi, ufungue tena:

`pw-metadata -n settings 0 clock.force-rate 44100`

Ukimaliza, weka `0` badala ya `44100` ili kulegeza.

Programu iliyosakinishwa kama snap (aina ya kifurushi cha Ubuntu) inaweza kukosa ruhusa ya maiki. Kwa Audacity ni `sudo snap connect audacity:audio-record`. Kabla ya kujua hili mtu anaweza kuapa kwamba kadi imekufa.

Mikwaruzo, vishindo na kukatika

Hapa ndipo penye kazi. Sauti inaingia, lakini kila baada ya muda inasikika *tik*, au neno linakatwa katikati. Programu huita tukio hilo `xrun`: kadi ilileta data, kompyuta ikachelewa kuipokea, ikapotea. Kwenye PipeWire litazame likitokea:

`pw-top`

Safu ya `ERR` huhesabu. Iache wazi upande mmoja wa skrini huku ukifanya kazi zako za kawaida. Ikipanda unapofungua kivinjari, unamjua mshukiwa. Ikipanda kila baada ya sekunde kadhaa hata ukiwa hujagusa kitu, zima Wi-Fi kwa dakika moja uone. Ikiwa imetulia kwenye sifuri na bado unasikia kukwaruza, usihangaike na kompyuta: huenda nguvu ya maiki imezidi na sauti inapasuka ikiwa bado kwenye kadi. Rudisha kitufe nyuma mpaka vilele viwe kati ya -18 na -10 dB.

Dawa ya kwanza ya `xrun` ni bafa (kundi la sampuli linaloshughulikiwa kwa mara moja) kubwa zaidi. Bafa ya 256 kwa 48000 Hz ni milisekunde 5.3, na kwa vipindi vitatu ni 16. Ukipandisha hadi 512 unaipa kompyuta muda maradufu wa kupumua:

`pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 512`

Kuna ushindani usio na maana wa nani anaendesha kwa bafa ya 32. Sauti husafiri hewani mita 1.8 katika hizo milisekunde 5.3. Ni kama kusimama hatua mbili kutoka kwa mpiga ngoma, na hakuna bendi iliyovunjika kwa hilo. Unapochanganya wimbo, wakati hakuna anayeimba, weka 1024 na usahau.

Dawa ya pili ni ruhusa. Angalia `ulimit -r`. Ikijibu `0`, programu yako haina haki ya kutangulia kwenye foleni ya prosesa kwa njia ya moja kwa moja. Unda faili `/etc/security/limits.d/audio.conf` lenye mistari miwili:

`@audio - rtprio 95`
`@audio - memlock unlimited`

Kisha `sudo usermod -aG audio $USER`. Toka kwenye akaunti yako kabisa na uingie tena. Kufunga teminali hakutoshi, na hapa watu hupoteza saa wakidhani amri imekataa.

Ya tatu ni prosesa inayosinzia. Laptopu hupunguza kasi ili kutunza betri, na sauti haipendi mtu wa kuamshwa kila mara. `sudo cpupower frequency-set -g performance` kabla ya kurekodi, na chaja ichomekwe.

Ya nne ni tundu. Rudi kwenye `lsusb -t` uone nani anakaa basi moja (njia ya pamoja ya USB) na kadi. Diski ya nje inayonakili data na kamera ya wavuti ni majirani wabaya. Ukikuta kwenye `dmesg` kauli ya `cannot submit urb` yenye `-28`, nafasi kwenye basi imekwisha. Hamishia kadi upande wa pili wa kompyuta.

Kadi inayopotea baada ya muda wa ukimya na kurudi ukiichomoa ni suala lingine: mfumo unailaza ili kuokoa umeme. Ongeza `usbcore.autosuspend=-1` kwenye vigezo vya keneli, uwashe upya.

Mengine madogo

Unajisikia mara mbili, kama uko kisimani? Kadi inakurudishia sauti yako moja kwa moja, na programu nayo inakurudishia kwa kuchelewa. Zima mojawapo. Mimi huzima ya programu.

Ulichorekodi kinakuja nyuma ya mdundo kila mara kwa kiasi kile kile? Unganisha waya kutoka tundu la kutoa la kadi hadi la kuingiza, uendeshe kipimo cha ucheleweshaji kwenye mipangilio ya sauti ya Ardour. Chomoa hedifoni masikioni kabla ya kuanza, mlio wake ni mkali.

Mvumo mzito usiokoma? Chomoa chaja ya laptopu. Mvumo ukinyamaza, ni umeme unaozunguka kupitia nyaya za ardhi. Chomeka spika na kompyuta kwenye soketi moja ya ukutani, na tumia nyaya za sauti zenye ncha tatu (TRS) kati ya kadi na spika.

Ukikwama na kutaka kuuliza wenzako, peleka matokeo ya `lsusb -t`, `arecord -l`, `stream0`, `uname -r` na ile mistari ya `dmesg` ya wakati wa kuchomeka, pamoja na neno moja kuhusu ile `jaribio.wav`: ilisikika au haikusikika.